Mtoto wa marehemu kaka yangu amenishinda. Nimpeleke polisi wakamtie adabu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Tanga mjini, nina miaka 34, nina mke na mtoto mmoja wa miezi mitano. Nina duka dogo la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za kunyunyizia mahindi na michungwa. Biashara yenyewe ya msimu, tunakula kinachopatikana.

Miezi minane iliyopita kaka yangu, tumbo moja na mimi, alifariki kwa ajali. Alikuwa dereva wa lori, ameajiriwa na tajiri mmoja, akipandisha mzigo Tunduma. Tulimzika kwetu Muheza. Ameacha watoto wawili: wa kiume miaka 13, yuko darasa la sita, na wa kike miaka 9. Mama yao yuko Oman mwaka wa pili sasa, anafanya kazi za ndani. Mazishi hakuwahi. Simu anapiga akipewa nafasi, pengine wiki mbili kimya. Watoto walikuwa wakiishi Muheza na bibi yao, lakini presha na miguu havimruhusu tena, hivyo kikao cha ukoo kikaamua nikae nao mimi. Sikukataa, damu yangu ile.

Shangazi, huyu wa kiume alikuwa mtoto wa kusifiwa. Darasani haanguki chini ya nafasi ya tano. Likizo akija kwangu alikuwa anakaa dukani, chenji anaitaja kabla sijashika kikokotoo. Leo simtambui. Anatoka asubuhi na begi, shuleni hafiki, anashinda kwenye dubwi, zile mashine za kutumbukiza sarafu. Hela za kuchezea anachota dukani. Mara ya mwisho alichukua 35,000, na ilikuwa hela ya mteja. Nilimchapa mkanda, nakiri, nilimchapa vibaya. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu, na hilo ndilo lililonitisha.

Shuleni amepigana mara tatu, ya mwisho kampasua mwenzake mdomo. Nilipouliza chanzo wakaniambia mwenzake alimtania kuhusu baba yake. Mfukoni nimemkuta na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni. Halafu, naandika hili kwa aibu, ameanza kukojoa kitandani. Mtoto wa miaka 13! Analala chumba cha uani, pembeni ya stoo ya duka, pamoja na kijana anayenisaidia dukani. Siku hizi hataki kulala huko. Mara mbili nimemkuta alfajiri amelala kibarazani juu ya viroba vya mbolea. Nikamwambia kama anataka maisha ya mbwa shauri yake.

Kuhusu kifo cha baba yao, wazee waliona tusiwashtue. Usiku ule wa taarifa tuliwaleta Tanga kwa mke wangu, tukawaambia baba kapata safari ndefu ya Kongo na bibi anakwenda kutibiwa. Zikapita kama wiki tano, ndipo huyu wa kiume akasikia shuleni, kuna mtoto ambaye mama yake ni wa Muheza. Akaja kuniuliza. Nikamwambia ni kazi ya Mungu, wewe sasa ni mwanaume, umlinde mdogo wako. Tangu siku hiyo hajamtaja tena baba yake.

Juzi nilipomgombeza kuhusu ile hela alinijibu, "Bora na mimi nimfuate baba, mpumzike." Vitisho vya kitoto. Wa kike namshukuru Mungu, hana tatizo lolote. Mtulivu, hasemi, anafagia, anambeba mtoto, ukimpakulia kidogo anasema ameshiba.

Mke wangu naye amebadilika tangu ajifungue. Analia bila sababu, usiku hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala. Amenipa sharti nichague, yeye au huyo kijana.

Shemeji anasema mtoto ana jini, ameshanyweshwa kombe, maji ya maandishi ya Kurani, mara tatu. Rafiki yangu ni askari, ameniambia nimpeleke kituoni alale ndani siku mbili, atatoka mtoto mwema. Tumepanga mwisho wa mwezi huu. Mama yangu analia, anasema nimrudishe Muheza. Shangazi, nifanyeje? Nimechoka.

Ba'mdogo, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa kaka yako. Pole hiyo ni yako wewe, kabla ya watoto na kabla ya mama, maana katika barua nzima sikuona mahali ulipopata nafasi ya kumlilia.

Sasa inuka ulipokaa, nenda stoo. Umesema stoo ya dawa za kunyunyizia iko pembeni ya chumba anacholala mtoto aliyekwambia "bora nimfuate baba". Tia kufuli leo, ufunguo ukae mfukoni mwako, usiachwe kwenye msumari wa ukutani. Hata zile chupa zilizobaki nusu ambazo wenye maduka huzisukumia chini ya meza, zitoe. Na dawa za presha za bibi yenu, siku akija kukaa kwenu, zifungiwe vilevile. Ukishamaliza, ndipo uendelee kusoma.

Maneno yale usiyaite vitisho vya kitoto. Huenda ni hasira tu, sikatai, lakini wewe hujui na mimi sijui, anayejua ni yeye. Kwa hiyo muulize. Si mbele ya watu, na si ukiwa umeshika mkanda. Mkiwa mnabeba mifuko au mnatembea kwenda dukani, mwambie: "Siku ile ulisema bora umfuate baba. Ulimaanisha unatamani kufa?" Watu wengi huogopa swali hili, wanadhani watamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Aliye nalo hupata mahali pa kulitua, asiye nalo hukushangaa. Akisema ndiyo, au akinyamaza ile kimya unayoijua, asiachwe peke yake, na siku hiyohiyo mpeleke hospitali ya Bombo. Usisubiri siku ya kliniki. Mapokezi waambie wazi kwamba mtoto amesema anataka kufa. Usizungushe maneno kwamba "hayuko sawa", watakupa dawa ya malaria mrudi nyumbani.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 24 kabla ya kustaafu, kwa hiyo hilo la polisi silisemei hewani. Wazazi wanaomleta mtoto kituoni "alale ndani kidogo" ni wengi kuliko unavyofikiri, na wengi wao wanampenda mtoto wao. Lakini fikiria chumba chenyewe. Humo atakutana na watu wazima, na wakubwa kidogo kuliko yeye ambao wanatafuta mdogo wa kutumwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuchanganywa na watu wazima mahabusu, na haimruhusu hata hakimu kumhukumu mtoto kifungo cha jela. Sembuse rafiki yako ambaye hana hata jalada la kesi. Huyo rafiki anajiweka pabaya, na wewe unamweka pabaya mtoto. Halafu kuna jambo moja ambalo sheria haikuliandika: huyu mtoto ameshapelekwa mahali usiku mara moja na watu wa ukoo wake, akaambiwa uongo, na aliporudisha fahamu baba hakuwepo. Mara ya pili mkimpeleka mahali usiku, atakuwa na hakika kwamba ukoo humtoa mtu.

Na hapo ndipo ninapotaka nikae kidogo.

Najua kwa nini wazee walifanya vile, na sina neno baya juu yao. Sisi tumelelewa hivyo: msiba ukiingia, watoto hupelekwa kwa jirani na kuambiwa mtu kasafiri. Nia ni huruma. Lakini tazama alichopoteza huyu mtoto. Wewe ulimwona kaka yako kwenye sanda, ulishika jeneza, ukatupa udongo, watu wakakushika mkono siku tatu, wakakaa nawe mpaka arobaini. Yeye hakupata hata kimoja. Kwa wiki tano alikuwa anamngoja mtu aliyekwisha zikwa, na siku alipojua, alijulia shuleni, kwa mtoto mwenzake, pengine kwa kicheko. Kisha akaja kwako, mtu pekee aliyeona anafanana na baba yake, ukamwambia wewe sasa ni mwanaume. Mlango ukafungwa.

Sasa rudi usome barua yako mwenyewe ukiwa na hilo kichwani. Anapigana na aliyemtania kuhusu baba. Hakai shuleni palepale alipopata taarifa. Anakaa kwenye mashine ambayo haimuulizi kitu, inawaka taa na kulia, na kwa dakika chache hakuna Muheza wala Tunduma. Anapigwa na halii. Mwanangu, huyu yuko msibani miezi minane, peke yake, wala hakuna aliyemtandikia mkeka.

Kwa hiyo mpelekeni kaburini. Si siku nyingi, Jumamosi hii au ijayo, Muheza si mbali. Mchukue yeye na mdogo wake. Kabla ya kuondoka, kaeni chini na umwambie kwa kinywa chako: "Tulikuficha. Tulidhani tunakusaidia, tulikosea. Nisamehe." Najua hatukuzoea kumwomba mtoto msamaha. Fanya. Mweleze ajali ilivyokuwa kwa kadiri anayouliza, usimpe habari za mwili asizoziuliza, na usimwambie kalala, maana baada ya hapo mtoto wa miaka 9 anaweza kuanza kuogopa kulala. Mkifika, soma dua naye, mwachie apalilie, apange mawe, akae. Akilia, kaa. Asipolia, kaa vilevile. Mkirudi, piteni kwa bibi mle pale, wamsikie bibi akimsimulia baba yao alipokuwa na umri wao alikuwa mtundu kiasi gani.

Kuhusu kombe, sina ugomvi nalo. Sisi watu wa Tanga na majini yetu tumetoka mbali, siwezi kuanza kesi hiyo leo. Kisomo na dua vinatuliza, na ustadhi mwenye upole ni mtu mzima mmoja zaidi anayemjali mtoto. Masharti yangu ni mawili tu: asipigwe wala kufungwa kwa jina la tiba, na kisomo kisiwe sababu ya kutofika hospitali.

Sasa kuna jambo zito, nitalisema taratibu. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena, msiba pekee unaweza kulileta. Inaweza pia kuwa maradhi ya mkojo, kisukari, hata minyoo, apimwe. Lakini wewe umeandika mambo mawili katika mstari mmoja: anakojoa, na hataki kulala katika chumba kile. Mtoto anayechagua viroba vya mbolea na mbu wa Tanga kuliko kitanda, kuna kitu anakikimbia. Inaweza kuwa anamwonea aibu mwenzake kwa ajili ya godoro lililolowa. Inaweza kuwa kijana anamnyanyasa, anamtuma, anampiga. Na inaweza kuwa lile ambalo hatupendi kulitaja kwa watoto wa kiume. Tanzania ilipofanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, matokeo yakatangazwa 2011, takriban mvulana 1 kati ya 7 alisema alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa wasichana ilikuwa karibu 3 kati ya 10. Wavulana wengi hawasemi, maana wanajua watakachoitwa.

Simtuhumu huyo kijana wa dukani, simjui. Usimvamie na usimfukuze kwa kelele. Usiku wa leo hamisha tu godoro. Mtoto alale ndani, hata sebuleni, na umwambie ni kwa sababu kibarazani kuna baridi. Usimhoji kama karani wa mahakama. Baada ya siku kadhaa, mambo yakiwa yametulia, mwambie: "Kama kuna mtu yeyote anakufanyia kitu usichokipenda, hata kama ni mtu ninayemwamini mimi, nitakuamini wewe." Sentensi hiyo irudie zaidi ya siku moja. Watoto huipima kwanza.

Na ikitokea akasema, usipige yowe, usiende kumaliza kwa kikao cha familia na faini ya mbuzi. Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kama ni jambo la karibuni. Mpeleke hospitali kwanza, fomu ya polisi ya PF3 isiwe sababu ya kumchelewesha, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72 na mapema ni bora zaidi. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto. Dawati liko chini ya polisi, ndiyo, lakini ni mlango mwingine kabisa na ule wa rafiki yako: unaingia kama mlalamikaji, mtoto anasikilizwa katika chumba cha pembeni, na askari wake wamefunzwa kuzungumza na watoto.

Kuhusu huduma, watu wengi wanafikiri mtoto akishindikana kuna milango miwili tu, mganga na polisi. Upo wa katikati, na ndio ningeanzia. Nenda kwa mtendaji wa mtaa wako, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii. Nitakuwa mkweli kwako, kata nyingi hazina afisa wake, na aliyepo anaweza kuwa na kata tatu na pikipiki isiyo na mafuta. Nimekaa upande ule wa meza, najua. Ukiambiwa hayupo, usirudi nyumbani ukaseme serikali haina msaada. Panda mpaka ofisi za halmashauri ya jiji, uliza ustawi wa jamii, na uende na kipande cha karatasi: umri wa watoto, shule, tarehe ya kifo, mama alipo, na yale mambo manne, utoro, kupigana, kukojoa, na maneno ya kufa. Faili hufunguliwa haraka kwa aliyekuja na mambo yameandikwa kuliko kwa aliyekuja na hasira.

Afisa atakuja kwako kuona mnavyoishi. Usipike pilau siku hiyo wala usiazime viti. Atazungumza na mtoto bila wewe kuwepo, mwachie. Kazi yake si kukunyang'anya watoto. Ni kuandika mpango na kuunganisha watu ambao hawazungumzi: shule, hospitali, wewe, mama aliye Oman. Mtaani kwenu inatakiwa pia iwepo kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ile ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na humo utakuta watu unaowajua kwa sura, mwalimu, kiongozi wa dini, mama fulani wa mtaa. Hiyo kamati ndiyo ya kuiambia kuhusu dubwi linalopokea watoto wenye sare saa nne asubuhi. Mchezo wa kubahatisha ni wa miaka 18 na kuendelea, na mwenyekiti wa mtaa anajua mashine iko kwenye kibanda cha nani.

Shuleni usiende tena kama mshtakiwa. Omba kuonana na mwalimu wa ushauri na unasihi, mweleze lile la kuusikia msiba palepale shuleni. Nina hakika hawajui, wanaona mtoro mwenye ngumi. Wakimchapa kila anapochelewa, wakumbushe kwa adabu kwamba kanuni za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kushika fimbo: ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, visizidi viboko vinne, na vinaandikwa kitabuni. Wewe mwenyewe na mkanda wako mnajua nitakachosema. Hela ya mteja airudishe, lakini kwa kazi: Jumamosi dukani, akiandika daftari la hesabu. Umesema chenji anaitaja kabla yako. Mrudishie pale alipokuwa hodari, droo ya hela ikiwa kwako.

Bombo wana kliniki ya afya ya akili. Neno hilo lisikutishe ukadhani unampeleka pamoja na watu wa kuokota makopo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, kwa hiyo wa miaka 13 amefika kwa wakati. Mara nyingi watakaa naye wazungumze, vidonge visiwepo kabisa. Kuberi nayo itajwe pale, bila kumwaibisha. Na ukisikia mtu anakucheka, mwambie mkoa wetu huu una hospitali ya Lutindi kule Korogwe, imekuwa ikihudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kabla ya hapo mlima uleule ulikuwa makao ya watoto yatima waliokombolewa utumwani. Babu zetu waliujua uchungu wa mtoto aliyepoteza watu wake, sisi ndio tumesahau.

Usiku, ofisi zikiwa zimefungwa, kuna namba 116, simu kwa mtoto. Ni bure, Bara na Zanzibar. Unaweza kupiga wewe, na anaweza kupiga yeye. Iandike ukutani karibu na kalenda, usiseme ni ya nani.

Mama yao asiwe sauti inayotoka mawinguni. Mkubaliane naye siku moja ya wiki, hata dakika kumi, simu ya video, na watoto waambiwe siku hiyo ni ipi. Akishindwa, atume ujumbe wa sauti usiku ule. Kama kimya chake cha wiki mbili kinatokana na kunyang'anywa simu na waajiri, ubalozi wetu uko Muscat, na hilo ni la kufuatiliwa.

Kuna jambo la hela ambalo hukuliuliza. Kaka yako alikufa akiwa kazini, ameajiriwa. Rambirambi ya tajiri si fidia. Ulizia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huwalipa wategemezi wa mfanyakazi aliyefia kazini, watoto wakiwemo. Taarifa ya ajali inatakiwa ifike ndani ya miezi 12, nanyi mmeshatumia minane. Ulizia na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama alikuwa akichangiwa. Chukua cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama kikao cha ukoo hakijateua msimamizi wa mirathi, kikae. Wiki hii, si baada ya msimu.

Nimebaki na wanawake wawili wa nyumba hiyo.

Mkeo hajawa mkatili. Mwanamke aliyejifungua miezi mitano iliyopita, analia bila sababu na hapati usingizi hata mtoto akilala, anaweza kuwa na sonona ya uzazi, na hiyo inatibika. Siku ya kumpeleka mtoto kupimwa uzito, nenda naye, na umwambie nesi hayo uliyoniandikia mimi. Aliongezewa watoto wawili wenye msiba akiwa na mimba, na nadhani naye aliambiwa ni kazi ya Mungu. Usimjibu kuhusu kuchagua. Mwombe miezi mitatu, na katika miezi hiyo mtoto wa usiku mmbebe kwa zamu. Kama mama yako anaweza kupokea wajukuu mwishoni mwa wiki moja kwa mwezi, sawa, wapumue na nyinyi mpumue. Lakini kumrudisha Muheza moja kwa moja kwa bibi asiyeweza kutembea ni kumhamisha tena ndani ya mwaka mmoja.

Na yule wa kike. Umempa mstari mmoja, umemshukuru Mungu ukapita. Mimi huyo ndiye aliyenikosesha usingizi. Mtoto wa miaka 9 asiyesema, anayefagia bila kutumwa, anayesema ameshiba kwa chakula kidogo, anafanya hesabu moja tu kichwani: waliokuwa mzigo waliondolewa, nisiwe mzigo. Kaka yake anapiga kelele, kwa hiyo kuna watu watamjia. Huyu akiendelea hivi hakuna atakayejua. Afisa akija, mtaje wa kwanza. Kule kaburini mshike mkono yeye. Mtoto mchanga mpokonye mgongoni mwake, mpe nusu saa akacheze na wenzake, na asipokwenda, kaa naye uani umsuke hata kama hujui kusuka, atacheka.

Mpigie huyo rafiki yako askari umwambie mwisho wa mwezi hakuna anayekwenda. Kisha wakati wa kupakua usiku wa leo, sahani ya huyo binti iongeze bila kumuuliza.